Unataka Kupunguza au Kuongeza?

Barua ya wazi kwa Tume ya Mawasiliano ya Uganda, Mamlaka ya Taifa ya Dawa, na Wizara ya Elimu na Michezo

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Busia, upande wetu wa mpaka. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya bweni ya wasichana, na huu ni mwaka wa tisa tangu nipewe kazi ya ulezi. Mlezi wa wasichana ndiye anayeamshwa usiku wa manane mtoto akivunja ungo, ndiye anayejua nani bado anakojoa kitandani, na ndiye anayeitwa mtu akianguka paredi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kwamba lugha hii ifundishwe kwa lazima mashuleni, kwa hiyo natumaini ofisini mwenu yupo wa kuisoma. Sababu ya pili ndiyo kubwa: matangazo ninayoyalalamikia, ya chai na vidonge vya kubadili umbo la mwili, yanasomwa kwa Kiswahili.

Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri nawasha redio huku nikichemsha chai. Yupo mtangazaji ninayempenda. Simtaji, wala kituo chake sikitaji, maana hayuko peke yake. Anasoma salamu, bei ya mahindi, taarifa za misiba. Sauti yake naiamini. Akisema mvua, naanua nguo. Asubuhi moja ya muhula wa pili, katikati ya taarifa ya msiba na wimbo, akasema kwa sauti ile ile kwamba mke wake alikuwa na tumbo kama mtungi, akanywa chai fulani siku 14, na sasa amerudi usichana. Akataja namba ya simu mara tatu. Wimbo ukapigwa. Haikupita robo saa akarudi: enyi dada zangu mliokauka, mwanaume hapendi kukumbatia kuni, kuna vidonge na mafuta ya kuongeza hipsi. Namba ya simu mara tatu.

Kalamu ilikuwa mkononi, nasahihisha insha. Nikaziandika namba zote mbili pembeni mwa insha ya mtoto wa watu. Ilikuwa namba moja.

Saa nne, wakati wa mapumziko, nikapiga. Akapokea msichana mwenye sauti ya adabu.

"Habari ya saa hizi, mama?"

"Nzuri, mwanangu. Naulizia ile dawa iliyotangazwa redioni."

"Karibu sana, mama. Unataka kupunguza au kuongeza?"

Nikanyamaza kidogo. Nikamwambia si yangu, ni ya binti yangu wa miaka 15. Nilitaka kusikia atasemaje. Akasema hakuna shida, mama, huyo tutampa nusu dozi, na tukituma kwa basi utalipa nauli ya mzigo tu. Hakuuliza binti ana uzito gani. Hakuuliza anaumwa nini. Hata nilipokuwa bado sijamjibu kama ni kupunguza au kuongeza, alikuwa ameshanitajia bei, na bei ilikuwa moja.

Muuza viatu akiwa na namba ndogo na namba kubwa hatumlaumu, maana mguu una kipimo chake. Huyu hana kipimo. Mwembamba ana kasoro, mnene ana kasoro, na aliye katikati anaulizwa anataka kwenda upande gani. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya hakijitembezi tena, kinatembezwa na mtu tunayemwamini kuliko daktari wa wilaya.

Nilipomwambia yule msichana wa simuni habari za binti wa miaka 15 sikuwa nimemtunga. Alikuwapo. Alikuwa kidato cha tatu, mwenye akili ya hesabu, mcheshi, mtoto wa nyumba isiyo na njaa. Aliacha kwanza maharage, akasema yanamjaza gesi. Nani atambishia mtoto wa bweni kuhusu maharage? Kisha posho, ndiyo ugali wa kwetu. Alikuwa anapanga foleni kama wenzake, anaketi katikati ya meza, anakata posho vipande vidogo kama vya kulishia vifaranga, anavipanga ukingoni mwa sahani, na muda wote anasimulia vichekesho. Kengele ikilia sahani imejaa vile vile na hakuna aliyeona, kwa sababu wote walikuwa wanacheka. Siku ya wazazi mama yake alileta kuku, chapati na matooke kwenye majani. Alikula vyote, haraka, mbele ya mama. Mama akashukuru Mungu.

Jioni ile metroni alisikia bomba la bafuni limefunguliwa hadi mwisho. Hapa kwetu maji ni ya kuhesabu, ndiyo maana alikwenda kuangalia. Nasema kweli yote: alikwenda kwa ajili ya maji, si kwa ajili ya mtoto. Akamkuta amepiga magoti.

Hata hapo hatukuelewa. Vifundo viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa na makovu, nikadhani ni ya kufua. Sasa najua ni meno: mtu anayejitapisha kwa vidole kila siku, vifundo vyake husugua meno ya juu hadi vikachubuka. Mashavu yake yalikuwa yamevimba chini ya masikio, kwa sababu tezi za mate huvimba kwa kutapika. Wenzake wakamwambia amenenepa usoni. Yeye akaongeza juhudi.

Alianguka Jumatatu moja katikati ya wimbo wa taifa. Zahanati walimpima mimba kwanza, maana msichana wa bweni akianguka ndicho kipimo cha kwanza. Hakuna. Malaria, hakuna. Virusi vya Ukimwi, hakuna. Akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Shangazi yake akasema ni mambo ya ukoo, mchungaji akaja na mafuta, na mimi, msomi wa chuo kikuu, nilisimama pembeni nikisema amina. Wiki sita zikapita hivyo. Katika hospitali ya rufaa ndipo afisa tabibu wa afya ya akili, kijana mdogo tu, alipomuuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria: ukijitazama kwenye kioo, unaona nini?

"Naona tumbo," akasema.

Nilikuwa nimeketi naye kwenye benchi moja. Shati lake la shule lilikuwa limekaa mabegani kama lililotundikwa kwenye henga.

Sanduku lake tulilifungua pamoja, kwa ridhaa yake. Chini ya madaftari kulikuwa na vifuko vya chai ile. Yule kijana alisoma boksi akacheka bila furaha: sanamaki. Bibi zetu wanaijua sanamaki, walitupa tukifunga choo, kijiko kimoja na basi. Anayeinywa ili akonde anajidanganya, kwa kuwa chakula huwa kimekwisha nyonywa kwenye utumbo mwembamba kabla sanamaki haijaanza kazi yake huku chini kwenye utumbo mpana. Kinachotoka ni maji. Ndiyo maana mizani inashuka asubuhi na kupanda jioni, na ndiyo maana mnunuzi hurudi kununua. Na maji hayatoki peke yake, yanatoka na madini ya potasiamu, na potasiamu ikipungua sana mapigo ya moyo huvurugika. Moyo wa mtoto wa miaka 15, Waheshimiwa, kwa shilingi elfu chache na nauli ya mzigo.

Kwenye sanduku hilo kulikuwa pia na daftari lililojaa mapishi. Pilau, samaki wa kupaka, keki zenye tabaka tatu, vyote vimenakiliwa kwa mwandiko mzuri, vingine vimechorwa kwa kalamu za rangi. Mtoto asiyekula alikuwa anaandika chakula usiku kucha. Nilishangaa hadi nilipoelezwa kwamba jambo hili linajulikana: mwaka 1944 na 1945 huko Minnesota, Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wa kiume wenye afya, waliojitolea, kwa miezi sita. Wanaume wale, ambao hakuna aliyewaambia habari za hipsi, wakaanza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi, kukwaruzana na kujitenga. Njaa yenyewe hubadilisha akili. Kwa hiyo tukimwambia mtoto kama huyo "si ule tu", tunamwambia mtu aliyezama majini "si uogelee tu".

Sitaki kudanganya kwamba redio peke yake ilimtia maradhi haya ya ulaji. Afisa tabibu alinieleza kwamba yapo ya kurithi, yapo ya hulka ya mtu mwenye kujitesa kwa ukamilifu, yapo ya nyumbani. Wasichana 400 walisikia tangazo lile, wengi wakacheka. Lakini aliyekuwa tayari ameanza kujichukia alipewa namba ya simu, mara tatu, na mtu mzima mwenye sauti nzuri.

Najua mtakaloniambia, kwa sababu nami nililisema: hayo ni maradhi ya Wazungu na watoto wa matajiri. Karamoja watu wanakosa chakula, wewe unatuletea msichana anayekikataa? Basi niwaeleze tulikotoka, maana nadhani hii ni hadithi yetu kuliko ya nchi nyingine yoyote.

Mama yangu mzazi ni wa Rakai. Mwaka 1982 huko Kasensero, kijiji cha wavuvi ziwani, watu walianza kukonda na kufa. Kabla ya daktari kutuambia kwamba ni Ukimwi, wananchi waliupa ugonjwa jina la kwao: Slim, yaani mwembamba kwa Kiingereza. Mwaka 1985 jarida la kitabibu la Lancet likachapisha makala ya madaktari wa hapa na wenzao wa nje, na jina lilikuwa hilo hilo. Kwa Kiganda likawa siliimu (ndugu zangu Waislamu mnisamehe, si kusilimu), na wengine wakasema mukenenya. Nilipokuwa mdogo, kukonda kulikuwa hukumu. Mtu akipungua, majirani walikuwa wanahesabu. Mkopeshaji alikuwa anakuja kudai mapema. Mama alinishonea gauni langu la komunyo ya kwanza likiwa na vitambaa viwili vya ziada kiunoni, watu wasije wakasema. Hadi leo nikienda Rakai shangazi zangu wananipokea kwa neno moja, "Ogezze!", umenenepa, na wanalisema kama mtu anayepongeza aliyetoka hatarini.

Chai niliyoikuta kwenye sanduku la yule mtoto, jina lililoandikwa kwenye boksi kwa herufi za dhahabu ni Slim.

Nililishika boksi lile muda mrefu. Neno lililowafukuza watu vijijini mwao, miaka kama 40 baadaye, linauzwa. Nani aliligeuza? Si shangazi zangu. Hadi 1993 nchi hii ilikuwa na Redio Uganda na basi. Ndipo vituo binafsi vikaanza, vikaja vya televisheni, zikaja simu. Siwalilii enzi za zamani, redio nyingi ni neema. Ila mambo haya yamekwisha pimwa mahali pengine na matokeo yapo. Visiwani Fiji, katika Bahari ya Pasifiki, mkoa wa Nadroga, televisheni ilifika 1995. Huko nako mwili mkubwa ulikuwa sifa, na mtu akipungua jamaa walikuwa wanahangaika kumlisha. Mtafiti Anne Becker na wenzake waliwauliza wasichana wa sekondari wiki chache baada ya televisheni kuingia, kisha wakauliza tena 1998. Mwaka 1995 hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apunguze uzito. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3. Waliopata alama za hatari kwenye kipimo cha matatizo ya ulaji walitoka asilimia 12.7 wakafika 29.2. Kundi lilikuwa dogo, wasichana 60 na ushee kila mara, na mwenye kutaka kubisha ana pa kushika. Mimi nilipoisoma nilichokiona ni shangazi wa Fiji na shangazi zangu wa Rakai, na televisheni moja.

Wenye mitandao wenyewe wanajua. Mwaka 2021 nyaraka za ndani za Facebook zilivuja, na mojawapo ilisema kwamba Instagram inawazidishia wasichana mmoja kati ya watatu fikra mbaya kuhusu miili yao. Hayo waliyaandika watafiti wao, si wapinzani wao. Shuleni kwetu simu ni marufuku, lakini likizo ya mwezi mzima inatosha: wanarudi wakijua kupima kiuno kwa karatasi.

Sasa upande wa pili wa lile swali, wa kuongeza, ambao naona hauzungumzwi kabisa kwa kuwa tunadhani unene ni asili yetu na asili haiui. Jirani yangu, fundi wa kusuka nywele, alikuwa anajiandaa kwa kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Gomesi, gauni letu la sherehe, ikishonwa lazima ijae, la sivyo mkanda unateleza na picha zinaharibika. Akanunua vidonge sokoni mpakani, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari, havina jina wala tarehe. Kwa wiki tano alinenepa kweli. Uso ukawa mviringo kama mbalamwezi, shingo ya nyuma ikaota nundu, huku miguu imebaki myembamba. Picha za kwanjula zilitoka nzuri. Akaacha vidonge, maana sherehe imeisha, na siku ya nne akawa hawezi kuinuka, presha imeshuka, anatapika.

Alichokuwa anameza, aliambiwa hospitalini, ni deksamethazoni. Ni dawa halali na ya maana, inaokoa watu wenye uvimbe wa ubongo na pumu kali. Ukiila bila sababu kwa wiki nyingi inapandisha sukari na presha, inalainisha mifupa, na tezi zilizo juu ya figo zinaacha kufanya kazi yake kwa kuwa zimezoea kufanyiwa. Ukiiacha ghafla mwili unabaki mtupu. Nyingine inayouzwa kwa kazi hiyo hiyo ni siproheptadini, ya mzio, ambayo humtia mtu njaa na usingizi. Wasichana wanasinzia darasani sisi tunawachapa kwa uvivu. Nimewachapa mimi mwenyewe, miaka ile bado nachapa.

Na serikali isijifanye haikuwahi kushika maikrofoni. Februari 2019 Waziri wa Nchi wa Utalii, Mheshimiwa Godfrey Kiwanda, alizindua shindano la wanawake wenye maumbo makubwa akasema wanawake hao wawe kivutio cha utalii. Kelele zikapigwa, watu wakacheka, mambo yakapita. Mimi wiki ile nilikuwa zamu ya bweni. Wembamba walilia kwamba nchi haiwataki. Wanene walilia kwamba wamefanywa wanyama wa mbugani. Nilipika chai ya bweni zima, sikujua la kusema.

Waheshimiwa wa Tume ya Mawasiliano, nageukia kwenu. Sheria ya Mawasiliano ya 2013 imewapa viwango vya chini vya utangazaji na imewapa meno. Mnachokisaka, kwa ninavyowaona, ni paja. Nchi hii ilikuwa na sheria ambayo watu waliiita ya minisketi, ya 2014, na wanawake wakavuliwa nguo barabarani na wahuni kwa jina la sheria hiyo, hadi Mahakama ya Katiba ilipoifutilia mbali vifungu vyake 2021. Tulishughulika na urefu wa sketi. Tangazo la chai halina paja. Mtangazaji amevaa suti, anasema "dada yangu" na "mama yangu", hakuna tusi, watoto wanakunywa uji wanasikia.

Msiniambie redio ni nyingi hamwezi kuzisikiliza. Mwaka 2019 mliviandikia vituo 13 kwa mara moja viwasimamishe wakuu wao wa habari na vipindi kwa sababu ya jinsi walivyotangaza habari za siasa. Sikubaliani na mlichokifanya siku ile, lakini kilionyesha kwamba masikio mnayo. Msiniambie pia intaneti haishikiki: Facebook mliifunga Januari 2021. Na vile vifuko vya pombe kali ya waragi vilivyokuwa vinauzwa hadi langoni kwa shule yetu, serikali ilipoamua 2019 kwamba viondoke, mwenye duka wa hapa langoni alivifungasha kwenye boksi siku hiyo hiyo, ananung'unika.

Ninachotaka kwenu ni kidogo kuliko hivyo. Lipo tangazo la kurekodiwa, ambalo lina karatasi na lina saini. Na lipo lile la mdomo, mtangazaji anatajataja bidhaa katikati ya salamu kama stori ya nyumbani kwake, analipwa taslimu mkononi, na kituo kikiulizwa kinasema hilo halikuwa tangazo, alikuwa anapiga soga tu. Hilo la mdomo ndilo linalouza. Semeni waziwazi kwamba soga ya kulipwa ni tangazo. Semeni kwamba bidhaa yoyote ya kubadili uzito au umbo, iitwe chai, mafuta au kirutubisho, haitajwi redioni bila idhini ya Mamlaka ya Dawa, na namba ya idhini isomwe hewani kama namba ya simu inavyosomwa, mara tatu. Uone ni wangapi watabaki.

Mamlaka ya Dawa, kanuni za matangazo ya dawa mnazo tangu 2014. Wauzaji wanazikwepa kwa neno moja tu, "asilia". Sanamaki ni asilia. Na sumu ya nyoka je? Dawa inayoahidi kukata kilo tano kwa siku 14 imejiita dawa yenyewe kwa kinywa chake, hata ikivaa picha ya jani. Kuhusu vidonge vya karatasi ya daftari, mnayajua masoko yenyewe kuliko mimi. Njooni bila ving'ora.

Zipo nchi zilizochukua njia ya picha. Ufaransa tangu 2017 tangazo lenye mwili uliorekebishwa kwa kompyuta lazima liandikwe hivyo, na Norwei sheria ya namna hiyo ilianza kazi Julai 2022. Nisingependa muinakili mkaona mmemaliza. Watafiti waliojaribu lebo za aina hiyo wameona hazimpunguzii msichana sana kujilinganisha. Anaisoma lebo na bado anautamani mwili. Na kwetu picha mara nyingi haipo kabisa. Ipo sauti. Huwezi kubandika lebo kwenye sauti ya mtu unayeamka naye kila siku.

Kwa Wizara ya Elimu sina mengi, maana najua foleni ya waombaji mlangoni kwenu. Tulipewa semina za hedhi, za mimba, za Ukimwi, za mihadarati, na zilitusaidia. Za maradhi ya ulaji sijawahi kuisikia hata moja. Ukurasa mmoja unatosha, ubandikwe chumbani kwa metroni: vifundo vya vidole, mashavu chini ya masikio, bomba linalofunguliwa baada ya chakula, mtoto anayehisi baridi mchana wa jua, hedhi iliyokatika bila mimba. Kwamba anoreksia, maradhi ya kujinyima chakula, ni miongoni mwa maradhi ya akili yanayoua zaidi. Kwamba aliyekaa na njaa muda mrefu asijazwe chakula kwa pupa, ana hatari ya kufa kwa kulishwa vibaya, apelekwe hospitali. Hili la mwisho tulikaribia kulikosea. Shangazi alikuwa amekuja na sufuria. Na zahanati nazo, Wizara ya Afya inisikie huko iliko, zijue kuuliza lile swali la kioo baada ya kipimo cha mimba, au hata kabla yake.

Kuna wavulana pia wanaomeza unga wa misuli, na kuna habari ya krimu za kujichubua ambazo zebaki yake imepigwa marufuku na bado inauzwa. Ni barua nyingine. Mikono yangu ni miwili.

Msichana wangu yupo hai. Yuko kidato cha nne sasa, anakula mezani kwangu, si kwenye ukumbi, na tumekubaliana hatuzungumzi habari za chakula wakati wa chakula. Tunazungumza hesabu, ambazo sizijui. Siku nyingine anamaliza sahani, siku nyingine anakata posho vipande vya kifaranga na mimi najifanya natazama dirishani. Kliniki ni kila mwezi, nauli ya kwenda na kurudi inatoka mfukoni mwa mama yake, na mwezi jana haikutoka.

Yule mtangazaji nilimfuata kituoni. Alinikaribisha vizuri, akanipa soda. Akasema mwalimu, mimi mshahara wangu una miezi mitatu haujaingia, hizo soga ndizo zinalisha wanangu, na mke wangu hajawahi kuinywa hiyo chai. Nilishindwa kumkasirikia. Nawaandikia ninyi kwa sababu hiyo.

Tangu asubuhi ile ya insha nina daftari. Ninaandika tarehe, saa, kituo, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, na namba ya simu. Limefika ukurasa wa 61. Sikulitaja kituo hata kimoja hapa kwa sababu barua hii ni ya wazi, lakini daftari nitamkabidhi afisa wenu yeyote atakayefika Busia akiwa na kitambulisho. Nipo shuleni kila siku isipokuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, siku ya kliniki.

Wenu katika kazi,

Mwalimu mlezi wa wasichana,
Busia, Uganda